Nyabiondo: mji mdogo kati ya malisho ya Masisi na msitu wa Walikale

Wengi wetu tunalijua jina la Nyabiondo kwa njia ya redio. Linatajwa asubuhi, katika sentensi moja yenye mapigano ndani yake, halafu mtangazaji anapita kwenye habari nyingine. Mtu wa Butembo, wa Bukavu ao wa Uvira anabaki na picha ya mahali penye bunduki tu. Ndugu wa makanisa mbalimbali wametuuliza: ni wapi hasa? Wanaokaa kule ni watu gani? Ni Masisi ao ni Walikale? Kijana mmoja wa kwaya alitaka kujua kama ni jina la mlima ao la mto. Tumeona vema kuandika yale tunayoyajua, sisi ambao tumepita njia ile kwa miguu, kwa pikipiki na, siku za neema, kwa gari.

Mahali penyewe

Nyabiondo iko katika jimbo la Kivu ya Kaskazini, teritwari ya Masisi, sekta ya Osso-Banyungu. Kwa hiyo si Walikale, lakini Walikale iko mlangoni pake. Teritwari ya Masisi ina sehemu nne za utawala: usultani wa Bahunde, usultani wa Bashali, sekta ya Katoyi na sekta ya Osso-Banyungu. Tofauti ya usultani na sekta inawachanganya wengi, hata wasomi. Usultani ni wa mwami mmoja anayepata kiti kwa njia ya desturi. Sekta ni muungano wa jamii kadhaa za desturi ambazo zamani kila moja ilijitegemea, zikawekwa pamoja na Serikali chini ya mkuu mmoja. Tukumbuke jambo hili, maana tutakapofika kwenye swali la ardhi litarudi.

Kutoka Goma njia inaelekea magharibi hadi Sake, mwendo usiofika kilomita 30. Pale inaachana na ziwa, inapanda Mushaki kwa kona nyingi, inapita Matanda na Bihambwe, halafu Katale na Lushebere, mpaka Masisi-Centre, ambayo iko kama kilomita 80 kutoka Goma. Nyabiondo iko mbele zaidi, baada ya Loashi, kwa kilomita 20 hivi. Ukiendelea unafika Kashebere, na pale umekwisha kuingia Walikale. Kwenye karatasi ni safari fupi. Lakini mtu akikuambia Nyabiondo ni kilomita 100, umuulize kwanza kama mvua imenyesha. Wakati wa kiangazi motari mwenye moyo anaweza kukufikisha kwa siku moja. Wakati wa mvua tumeona Fuso zikilala kwenye matope siku tatu, na wamama wa vijiji vya karibu wakifungua soko ndogo ya viazi vya kuchemsha kando ya magurudumu.

Masisi yote ina kilomita za mraba 4,734. Walikale ina 23,475, karibu mara tano ya Masisi, nayo peke yake inachukua karibu sehemu mbili kwa tano za jimbo lote. Lakini watu wamejaa Masisi; kule Walikale unaweza kutembea msituni saa nyingi bila kuona moshi wa nyumba. Nyabiondo imekaa pale hali hizi mbili zinapokutana. Nyuma yake ni milima iliyovuliwa miti, malisho ya ng'ombe na mashamba yaliyobanana. Mbele yake miti inaanza kusongamana, joto linaongezeka, na sokoni mafuta ya mawese ya kutoka chini yanakutana na maharagi na viazi vya kutoka juu. Mji umeishi kwa kukutanisha vitu hivyo. Njia zikifungwa upande mmoja, mji unaumwa upande wote.

Milima na maji

Wageni wanaopanda Mushaki kwa mara ya kwanza hupenda kusema kwamba Masisi ni Uswisi ya Kongo. Tunaelewa sababu. Milima ni mviringo, majani ni ya kijani mwaka mzima, ng'ombe wamesimama kwenye miteremko kana kwamba wamebandikwa, na asubuhi ukungu unalala mabondeni kama maziwa kwenye kibuyu. Hata jibini iko: ile ya duara, ya rangi ya njano, inayouzwa Goma na iliyokuwa ikipelekwa mpaka Kinshasa kwa ndege. Utengenezaji wake ulianza na mapadri wa Ubelgiji katika miaka ya 1970, na mpaka leo wachungaji wa ng'ombe wanaichemsha maziwa yake kwenye vibanda vya mbao kwa kuni. Theluji tu ndiyo hatujaiona. Lakini sifa hiyo ya Uswisi inasimama kwenye eneo la malisho ya juu. Nyabiondo yenyewe imeshuka kidogo. Ni mji wa bonde na migomba, na ng'ombe wa pale si wengi kama wa Mushaki ao wa Bashali.

Kuna jambo moja la maji ambalo tunapenda kuwaeleza vijana wa shule ya Jumapili, kwa sababu linawashangaza kila mara. Mvua inayonyesha kwenye miteremko ya Sake inashuka katika Ziwa Kivu. Kutoka Kivu maji yanakwenda kusini kwa mto Ruzizi, yanapita Bukavu na Uvira, yanaingia Ziwa Tanganyika, yanatoka Kalemie kwa mto Lukuga na kuufikia mto Lualaba. Mvua inayonyesha nyuma ya mlima, upande wa Nyabiondo, haioni ziwa hata moja. Inashuka magharibi katika mto Osso, Osso unaingia Lowa kule Walikale, na Lowa unaingia Lualaba chini ya Kindu. Matone mawili yaliyoachana kwenye mgongo mmoja wa mlima yanakutana tena kwenye mto mmoja, lakini moja limezunguka nusu ya Kongo ya mashariki kabla ya kufika. Kuanzia Kisangani yote yanaitwa mto Kongo, na yanakwenda baharini pamoja.

Tuko zaidi kidogo ya digrii moja kusini mwa ikweta, kwa hiyo mvua ni nyingi. Kiangazi cha kweli ni Juni mpaka Agosti, na kuna pumziko fupi Januari na Februari. Wakulima wanahesabu misimu miwili: msimu A, unaoanza Septemba, na msimu B, unaoanza Februari. Mtu aliyekimbia mwezi wa Septemba na kurudi Novemba amepoteza msimu mzima, hata kama nyumba yake haikuchomwa. Hesabu hii haitajwi katika habari za vita, lakini kila mama wa Nyabiondo anaijua.

Migomba

Chakula cha kila siku ni bugali ya muhogo ao ya mahindi, sombe, maharagi, ndizi. Kwenye vilima vya juu viazi vinastawi. Wengi wanafuga mbuzi, kuku na dende, mnyama mdogo anayekaa jikoni na ambaye, tofauti na ng'ombe, unaweza kukimbia naye ndani ya kikapu. Lakini tukitaka kueleza maisha ya Nyabiondo kwa mmea mmoja, ni mgomba. Mgomba ni chakula, ni kivuli cha kahawa, ni majani ya kufunika nyungu, na kwa watu wengi ni benki. Ndizi zinakamuliwa zikawa kasiksi, kasiksi inauzwa, na watoto wanalipiwa shule. Hapa sisi wahubiri huwa tunakwepa macho. Tunahubiri juu ya pombe Jumapili, na tunajua vizuri kwamba sehemu ya sadaka iliyomo kikapuni imetoka kwenye mtungi wa kasiksi. Hatujapata neno la kuwapa wamama hawa ambalo linalipa pia ada ya shule.

Mwaka 2001 benki hiyo ilianza kuanguka. Ni hapa Masisi ambapo ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulionekana kwa mara ya kwanza katika nchi yetu. Unasababishwa na bakteria. Majani yanageuka njano na kulegea kama yaliyomwagiwa maji ya moto, ndizi zinaiva kabla ya wakati, na ukizikata ndani unaona rangi ya kutu. Ukikata shina, majimaji ya njano yanatoka polepole. Hakuna dawa ya kuuponya mgomba uliokwisha kushikwa. Wazee wengine walidhani ni laana, wengine wakamshuku jirani. Tunasema kwa masikitiko kwamba hata ndani ya makanisa majirani walitazamana vibaya juu ya shina la mgomba.

Wataalamu wa kilimo walifundisha mambo ambayo yamesaidia, nasi tunayarudilia kwa sababu ugonjwa haujaisha. Wadudu wanabeba bakteria kutoka ua moja hadi lingine, kupitia lile ua jekundu linaloning'inia chini ya mkungu. Mara ndizi za mwisho zikionekana, ua lile liondolewe. Lakini lisikatwe kwa kisu. Livunjwe kwa kijiti chenye panda, kwa sababu kisu kinabeba ugonjwa kutoka shina moja hadi lingine. Panga lililokata mgomba mgonjwa lipitishwe kwenye moto ao lioshwe kwa javeli kabla ya kugusa mwingine. Shina lenye ugonjwa likatwe mapema, na machipukizi ya shamba lenye ugonjwa yasipelekwe kwa jirani kama zawadi. Hili la mwisho ni gumu, maana kwetu kumpa mtu chipukizi ni kumwambia karibu. Kwenye milima mirefu, ambako wadudu ni wachache, visu na mapanga ndiyo hueneza zaidi. Shemasi mmoja mwanamke tuliyemtembelea anaweka kijiti chake cha panda nyuma ya mlango, pamoja na fimbo ya kutembelea, na hamwazimi mtu panga lake, hata mchungaji.

Watu na lugha

Bahunde ndio wenyeji wa zamani wa sehemu kubwa ya Masisi, na lugha yao ni Kihunde. Kuelekea Walikale wanaanza Banyanga na Kinyanga chao, na kwenye mpaka, kama Nyabiondo, familia nyingi zina damu ya pande mbili na zinasema lugha zote mbili. Kuna Batembo upande wa kusini, kuna Bahutu na Batutsi ambao historia yao tutaieleza mbele, na kuna Banande waliokuja kwa biashara. Kiswahili ndicho kinachowakalisha kwenye benchi moja: cha sokoni, cha shuleni, cha mahubiri. Nyimbo zinaruka kutoka lugha hadi lugha. Tumesikia ibada moja iliyoanza kwa Kihunde, ikaungama kwa Kiswahili, ikatoa sadaka kwa Kinyarwanda na kufunga kwa Kinyanga, na hakuna aliyeona ajabu.

Mwami kwa Bahunde na Banyanga hakuwa mfalme wa kuogopwa tu. Aliongoza pamoja na wazee wa desturi, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kugawa ardhi na kutunza amani ya koo. Banyanga wameupa ulimwengu masimulizi makubwa juu ya jambo hilo, ya shujaa Mwindo. Msimulizi wa Kinyanga, Shekarisi Rureke, aliyasimulia kwa siku 12 mwaka 1956, yakaandikwa na mtaalamu Mbelgiji Daniel Biebuyck, na mwaka 1969 yakatoka kama kitabu ambacho Biebuyck alikitayarisha pamoja na Kahombo Mateene, mwana wa Banyanga mwenyewe. Leo kinasomwa katika vyuo vikuu vya mbali, wakati vijana wetu wengi hawajalisikia jina lake. Baba, aliye mwami, anakataa kupata mtoto wa kiume. Mtoto anazaliwa, baba anataka kumuua. Mtoto anamfuata mpaka kuzimu. Halafu anapomkamata, hamuui. Anamrudisha kijijini, baba anaungama kosa lake mbele ya watu, na wanagawana utawala. Na hata baada ya hapo Mwindo mwenye majivuno anachukuliwa juu na Radi, anaadhibiwa kwa mateso ya baridi na jua, na anarudi akiwa ameacha kiburi. Kuna wahubiri wanaoyaogopa masimulizi haya kwa sababu yana mizimu. Sisi tunafikiri mzee wa kanisa anayetaka kupatanisha koo mbili za Banyanga angefanya vema kuyajua.

Ardhi

Hapa twende polepole.

Kwa desturi, ardhi ilikuwa mikononi mwa mwami na wazee wa koo. Mgeni aliyetaka kulima alipewa mahali, naye alileta mutulo, zawadi ya kila mwaka iliyoonyesha kwamba anamtambua mwenye ardhi. Wakoloni walikuja na karatasi. Mwaka 1928 Wabelgiji waliunda Kamati ya Taifa ya Kivu, ambayo ilipewa uwezo juu ya maeneo makubwa sana kwa ajili ya walowezi na mashamba yao. Mashamba yalihitaji wafanyakazi. Rwanda, iliyokuwa pia chini ya Ubelgiji, ilikuwa na watu wengi na njaa za kurudiarudia. Basi kuanzia 1937 hadi 1955 utawala ulileta familia nyingi za Wanyarwanda, Bahutu na Batutsi, kukaa Masisi, hasa Gishari. Njaa kubwa ya 1943 na 1944, ile wanayoiita Ruzagayura, iliwasukuma wengine. Gishari ilipewa mkuu wake yenyewe. Mwaka 1957 Wabelgiji waliuondoa utawala huo na kuwarudisha watu chini ya wakuu wa Bahunde.

Angalieni matokeo. Mhunde anasema: ardhi ya babu yangu ilitolewa bila babu yangu kuulizwa. Mjukuu wa aliyeletwa anasema: babu yangu hakuja kuiba, aliletwa na Serikali, na mimi nimezaliwa hapa na baba yangu amezikwa hapa. Wote wawili wanasema kweli. Tumekaa na wote wawili, wakati mwingine chini ya dari moja, na hatujapata mmoja wao aliyedanganya juu ya jambo hili.

Baada ya uhuru swali likawa la uraia. Kati ya 1963 na 1965 palikuwa vita vinavyokumbukwa kwa jina la Kanyarwanda. Mwaka 1972 sheria iliwapa uraia wengi waliotoka Rwanda na Burundi zamani. Mwaka 1981 sheria mpya ikauondoa. Na sheria ya Novemba 2004 ikasema kwamba ni Mkongomani yule ambaye kabila lake lilikuwa katika nchi hii siku ya uhuru. Mtu wa miaka 60 amekuwa raia, asiye raia, halafu raia tena, bila kuhama kilima chake. Wakati huohuo sheria ya ardhi ya 1973 ilisema ardhi yote ni ya Serikali, na kwamba haki za desturi zingepangwa kwa agizo la Rais. Agizo hilo lilingojewa miongo na miongo. Mashamba ya walowezi yaligawiwa watu wakubwa wenye karatasi, na mkulima wa kawaida, awe Mhunde ao Mhutu, alikuta uzio kwenye njia yake ya kisimani.

Tarehe 20 Machi 1993, sokoni Ntoto, upande wa Walikale, vijana wenye silaha wa Banyanga na Bahunde waliwaua Bahutu waliokuwa sokoni. Mauaji yakaenea haraka Masisi yote, na vikundi vya Bahutu vikalipiza. Maelfu ya watu walikufa, wa pande zote, na zaidi ya watu 200,000 walikimbia vilima vyao. Tukumbuke mwaka vizuri: 1993. Watu wengi wanadhani matatizo ya Masisi yaliletwa na wakimbizi wa Rwanda wa Julai 1994. Wale waliukuta moto na kuongeza kuni nyingi sana, lakini moto ulikuwa unawaka tayari, na wengi wa walioushika walikuwa na jina la ubatizo.

Miaka ya bunduki

Vita vya 1996 na 1998 vilipita hapa kama kwingine, na hatutavisimulia vyote. Nyabiondo inakumbuka hasa Desemba 2004. Nchi ilikuwa katika mpito, jeshi lilikuwa limeunganishwa kwenye karatasi, lakini askari waliotoka RCD-Goma na Mai-Mai walikuwa bado maadui. Tarehe 19 Desemba askari wale, pamoja na raia waliopewa silaha, waliushambulia mji. Raia wengi waliuawa, wengi wao Bahunde, nyumba na zahanati zikaporwa, na watu wakalala msituni wakati wa Krismasi. Mtu aliyezaliwa msituni siku zile sasa ni mtu mzima.

Baadaye kundi la APCLS, lenye watu wengi wa Bahunde na makao yake Lukweti, kaskazini-magharibi mwa Nyabiondo, lilitawala vilima vinavyouzunguka mji kwa miaka mingi, likipigana mara na jeshi, mara na makundi mengine, na mara nyingine likisimama upande mmoja na jeshi. Barieri zikaota kila kona, na jetoni ya kupita ikawa sehemu ya bei ya maharagi. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, lililofika Masisi mwaka 2007, limekuwa kwa wengi tofauti kati ya kuzaa na kufa. Tarehe 4 Januari 2025 M23 iliingia Masisi-Centre, mwisho wa mwezi ule ikaingia Goma, mwezi Februari kambi za wakimbizi za Bulengo na Lushagala zikaachwa tupu, na mwezi Machi mapigano yakafika Nyabiondo yenyewe kabla ya kuendelea mpaka Walikale-Centre. Sisi si wasemaji wa kundi lolote. Tunaandika tarehe tu, ili anayetoka kule asilazimike kueleza upya kila anapofika kwenye kanisa jipya.

Na hapa tuna ombi kwa makanisa yanayowapokea. Wengi wa wanaokimbia hawakai kambini. Wanakaa kwenye nyumba za watu, familia mbili ao tatu kwenye vyumba viwili, na mwenye nyumba hana kitambulisho cha mkimbizi, kwa hiyo hapati msaada hata akiwa amekwisha kuwagawia akiba yake yote. Mnapopanga sadaka ya maharagi, mhesabuni na yeye. Tena msiulize, "Wewe wa Nyabiondo, ni kabila gani?" Tumesikia swali hilo likiulizwa mlangoni mwa kanisa, na mashemasi wenye moyo mwema. Aliyeulizwa hajui kama jibu lake litampa godoro ao litamnyima.

Majina

Jumuiya za Kanisa la Kristo Kongo, kama 3è CBCA na 8è CEPAC, ziko Masisi tangu zamani, na Wakatoliki vilevile. Hatuna nafasi ya kueleza historia ya kila jumuiya. Tutaeleza jambo moja la kanisa moja la upande ule, ambalo wazee wake wametuomba tusilitaje.

Kanisa hilo lilikuwa na daftari mbili. Mzee mmoja alikuwa na daftari la shule lenye majina ya watu wake waliouawa mwaka 1993. Mama mmoja alikuwa na lake, la Desemba 2004. Kila mwaka walifanya maombi mara mbili, Machi na Desemba, na kila mara nusu ya kanisa haikuja. Mchungaji akaomba yasomwe siku moja. Swali likawa: daftari gani lianze? Walizungumza wiki nyingi. Mwishowe walikubaliana kusoma majina ya ubatizo peke yake, kwa kufuata alfabeti, daftari mbili zikiwa zimechanganywa. Jina la Jean haliambii mtu kabila. Wengine walikataa, wakisema marehemu bila jina la baba yake amepotea mara ya pili, na mzee mmoja alitoka nje na hakurudi kwa mwezi mzima. Tunamwelewa. Lakini wengi walikubali, na mwalimu wa shule ya msingi akayaandika upya kwa mkono kwenye daftari la tatu.

Jumapili ya kwanza walisoma kutoka A hadi E, kwa sababu mvua ilikuwa inakuja. J ilichukua Jumapili nzima. Walikuwa wamefika M wakati mapigano ya Machi 2025 yalipowatawanya, na mwalimu aliondoka na daftari ndani ya mfuko wa unga. Sehemu ya watu wamerudi, na yule mzee aliyetoka nje ni mmoja wao. Wameanza tena kwenye M, na kurasa za mwisho, zilizokuwa tupu, zinaandikwa.